Albamu Nilizoziruka Redioni

Akiru wangu,

Ejok? Watu huanza barua kwa kusema natumaini u mzima. Wewe najua u mzima, maana mgonjwa habamizi mlango namna ulivyoubamiza asubuhi. Baba yako ametoka na nyundo kuutazama. Anasema bawaba ya juu imelegea, na kwamba nyumba hii ina wapiga kelele wawili na fundi mmoja, kwa hiyo kazi haijagawanywa sawa.

Sijui utarudi saa ngapi kutoka Kakuma. Umesema unaenda kumuaga Nyandeng, na kuagana kwenu nakujua: mtasukana nywele, mtacheka, mtalia, kisha mtaanza tena. Kesho asubuhi unapanda basi la Kitale, na kutoka hapo Eldoret chuoni. Ukirudi jioni nyumba itakuwa imejaa, shangazi zako wameshatuma salamu kwamba wanakuja na mbuzi na maneno. Mimi mbele za watu siwezi kusema jambo la maana bila kulifanya mzaha, unanijua. Kwa hiyo naandika mchana huu, mlango ukiwa umefungwa. Nimekaa na kusimama mpaka kiti kimenichoka. Upepo unaleta mchanga hadi juu ya karatasi, kwa hiyo ukiona herufi zimekwaruzika ujue ni mchanga. Machozi yakija nitakuambia.

Mambo ya blanketi, dawa za malaria na kutokula ovyo njiani, baba yako atakueleza. Anayapenda hayo. Mimi nataka kusema juu ya redio.

Nirudie kisa kilivyokuwa, maana tulipigiana kelele hata sina hakika kama kuna aliyemsikia mwenziwe. Wiki iliyopita kijana wa redio hapa Lodwar alinialika kwenye kile kipindi ambacho mgeni hutaja albamu anazozipenda kuliko zote na kueleza sababu. Akanitambulisha kuwa mwanamke wa pekee anayeimba rock Turkana nzima. Nikavimba. Nikazitaja albamu zangu, zote za magitaa ya umeme, zote za watu wa ng'ambo wenye nywele ndefu na suruali za kubana. Nilizitaja kwa ile sauti yangu ya jukwaani na Kiingereza kikinitoka puani. Nilirudi nyumbani nikitembea juu juu. Wewe ulikuwa unasonga ugali, ukaniuliza tu, "Mathe, kwani hizo ndio ulikuwa unaniimbia nikiwa mtoi?" Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Halafu Jumanne nilikuwa naanika nguo, nawe uko ndani unaongea kwa simu na yule msichana mtakayekaa naye chumba kimoja. Sikukusudia kusikiliza, lakini ukuta wetu ni mabati. Naona alikuuliza unatoka wapi, kwa sababu ulisema, "Mimi ni wa side ya Kitale."

Nilisimama pale na shuka mkononi mpaka maji yakanilowesha miguu. Nilikaa na neno hilo kama mtu aliyekalia mwiba mbele ya wageni. Leo asubuhi kwenye chai likanitoka, na halikutoka vizuri. Nikakuuliza, "Tangu lini umekuwa wa Kitale?" Nawe hukupepesa jicho. Ukasema, "Tangu ile siku wewe ulikuwa wa London kwa redio." Baba yako akapaliwa na chai. Ukabeba mkoba, mlango ukabamizwa.

Nilighadhibika, sikufichi. Nikatafuta maneno ya kukujibu nikayapata mazuri mno, lakini ulikuwa umeshapanda gari. Ikabidi niyajaribu kwa baba yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta kidevu, akasema, "Sasa hapo nani amekosa? Mtoto anaimba vile amefunzwa." Mtu ambaye maisha yake yote hajapenda wimbo wowote ila mlio wa pikipiki iliyopona! Lakini siku moja moja husema neno, na hilo nimelirudia tangu asubuhi.

Basi nakuandikia albamu zangu upya, za kweli safari hii. Sitazipanga, zitakuja zinavyokuja.

Ya kwanza si uongo. Iko ile kanda ya rock niliyoitaja redioni, na yale niliyosema juu yake ni kweli, isipokuwa sikusema niliipata wapi. Niliipata kwetu Katilu nikiwa mdogo kuliko wewe. Mafundi waliokuja kuchimba kisima waliisahau kwenye kreti la misumari. Jalada lilikuwa limeliwa na mchwa, hata leo sijui kwa hakika wale waimbaji wanaitwa nani, na redioni nilibuni jina. Niliicheza kwa redio ya babu yako mpaka betri zikaisha na yule mwimbaji akaanza kutoa sauti ya ng'ombe mgonjwa. Nikaanika betri juani zikapata nguvu kidogo, nikaendelea. Babu yako alivumilia siku kadhaa, kisha akauliza, "Huyu mtu, nani amemchukulia mifugo?"

Ni swali zuri, ukilifikiria. Kwetu mwanamke alipaza sauti kwenye kilio, au mbuzi wakiingia kwenye mahindi kando ya mto Turkwel. Na hapa palikuwa na mtu anapiga kelele, hakuna aliyekufa, na mbuzi wako salama. Nilikuwa na hasira nyingi wakati ule ambazo sikujua jina lake. Kanda ile ilinipa mahali pa kuziweka. Kwa hiyo usidhani naikana rock. Nitaiimba mpaka meno yang'oke, na baada ya hapo nitaiimba kwa ufizi.

Ngoja, nimeitwa. Ni mwenye duka anataka chupa zake za soda. Watu hawaoni mtu anaandika?

Nimerudi. Kuna kanda nyingine, na hii hujawahi kuiona kwa sababu iko chini ya nguo zangu za baridi, ambazo kwa joto la Lodwar ni mahali salama kuliko benki. Ni ya kwaya ya kanisa letu la Katilu. Walirekodi ndani ya kanisa lenyewe, mtu mmoja na mashine moja, milango wazi kwa sababu ya joto. Kwenye wimbo wa tatu jogoo anawika katikati ya ubeti, na kwa bahati anawika kwa ufunguo uleule. Katekista alitaka warudie. Betri zikakataa. Ukisikiliza vizuri kuna sauti moja ya alto nyuma ambayo kila ubeti inamaliza ikiwa imechelewa kidogo, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani akakirudia. Hiyo ni mimi.

Nilipoacha kwaya nikaanza rock, katekista aliniambia kwamba nimeichukua sauti ya Mungu nikaiburuta vumbini. Nikamjibu kwamba vumbi pia ni lake. Nilijiona mjanja sana. Miaka mingi baadaye nilikuwa nikiulizwa juu ya kwaya nasema, "Ah, mambo ya utotoni." Lakini siku nilipokuzaa, hapo wodini, uchungu ulipokolea, unadhani niliimba nini? Magitaa yalinikimbia yote. Nilishika ile alto ya Katilu, ubeti kwa ubeti, nikichelewa palepale ninapochelewa siku zote. Mama mmoja wa kitanda cha pili akaingia na sauti ya juu. Muuguzi, mtu wa Bungoma, akasema, "Endeleeni, hata mimi nasaidika." Ndivyo ulivyoingia duniani, ukikuta mama yako yuko nyuma ya wimbo. Hayo sikuyasema redioni. Niliona watanicheka wale vijana wanaovaa nyeusi.

Sasa Kakuma. Wewe Kakuma unaijua kama mahali pa Nyandeng na pa kununua viatu. Mimi niliijua kama mahali pa kukimbilia. Niliondoka Katilu nikiwa na kanda moja na gauni mbili, na niliamini kwa moyo wote kwamba muziki uko mahali pengine, na kwamba kwetu ni joto tu na mahindi na wazee wanaorukaruka. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na yote mengine ni watoto wake.

Nilipata kazi ya kufagia na kupima sukari kwa Mama Hodan, Msomali mwenye duka karibu na soko. Alikuwa na albamu moja tu ambayo aliicheza tangu kufungua mpaka kufunga. Sauti ya mwanamume na ala moja ya nyuzi, na mikwaruzo mingi, kwa kuwa ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Siku moja, mkono uko ndani ya gunia la sukari, nikaanza kulia. Sikujua neno hata moja, lakini niliona kabisa kwamba yule mtu ameachwa na mkewe, au amezika mtoto. Mama Hodan akaja kunitazama. "Wewe nalia nini?" Nikamwambia ni wimbo. Akasikiliza kidogo, akacheka mpaka akashika meza. "Hii wimbo nasema ngamia yangu iko mvivu! Nakula, nalala, nakula, nalala!" Tukacheka sote wawili. Kisha akafuta macho kwa ncha ya shungi, akasema, "Lakini mwenye kuimba, ngamia yake nakufa zamani." Sijui kama alisema kweli au alinionea huruma. Albamu ile naipenda kuliko nusu ya zile nilizozitaja redioni.

Kwa Mama Hodan ndipo Papa Dodo alipokuwa akija kununua majani ya chai. Wewe unamkumbuka mzee, amenyamaza, na lile koti. Mimi nilimkuta bado kijana kidogo, Mkongomani, mshona nguo mchana na mpiga gitaa wakati mwingine wote. Alinisikia nikiimba nikipima sukari, akanichukua kwenye bendi yake. Ndiyo bendi hii hii ninayoimba nayo mpaka leo, wakati huo ikifanyia mazoezi nyuma ya kibanda chake cha cherehani. Mpiga ngoma Msudani, wa besi Mhabeshi, mimi, na yeye. Aliniazima albamu ya rumba, na nikaichukia. Kila wimbo mrefu kama misa. Gitaa linazunguka, linazunguka, mwimbaji anangoja, nami kwa rock yangu nilikuwa nimezoea kuingia na buti mlangoni. Papa Dodo akanisimamisha kila mara. "Weye unaimbaka sawa mutu anakimbia mvua! Mvua haiko! Ngojea gitaa imalize kusema."

Sikuwa na subira, na hata leo sina, tazama mwandiko huu. Lakini nilijifunza kungoja kwa albamu ile. Kuna mahali kwenye wimbo wa mwisho mwimbaji anavuta pumzi, unasikia kabisa anataka kuanza, kisha anaacha, anawapa magitaa nafasi nyingine. Mpaka leo nikiwa karibu kumtukana mtu huwa nasikia ile pumzi. Leo asubuhi sikuisikia, samahani.

Tukafika siku ya kurekodi. Tulipata chumba Kakuma chenye magodoro ukutani na kijana anayejua mashine, na Papa Dodo akaweka sharti. Kila mtu alete wimbo mmoja wa kwao, tuugeuze rock. Yeye akaleta wa rumba. Msudani akaleta wa harusi za kwao, kwa Kiarabu cha Juba. Mhabeshi akaleta mmoja mzito wa huzuni ambao ukiucheza haraka unakuwa wa furaha. Hata ule wa ngamia wa Mama Hodan tuliuweka. Kisha Papa Dodo akanigeukia. "Na kwenu munaimbaka nini?"

Akiru, nilimwambia, "Kwetu hakuna. Kwetu watu wanaruka tu."

Papa Dodo hakubishana. Akarudi kukaza nyuzi za gitaa lake. Nikaimba badala yake wimbo wa ile kanda yangu ya rock, na kwa Kiingereza ambacho nusu yake nilikuwa nakibahatisha.

Albamu yetu ikatoka, ndiyo ile iliyotufanya tujulikane hapa Lodwar. Tulipohamia huku ilikuwa inachezwa kwa vinyozi na kwenye mahoteli. Babu yako akapata habari huko Katilu. Alikuja na lori la mchanga, amevaa shuka lake jipya, na kigoda chake mkononi kama mtu anayekwenda barazani. Hakuwa ameniona muda mrefu. Hakuuliza habari ya kazi wala ya mume. Alisema, "Nimesikia umeweka sauti ndani ya kitu. Niwekee."

Nikamwekea. Alikaa hapo barazani, pale pale unapopenda kukaa na simu yako, mikono juu ya magoti. Wimbo wa kwanza, wa pili, akatikisa kichwa kidogo. Kwenye ule wa harusi za Kisudani mguu wake ukaanza kucheza, nikafurahi. Lakini kadiri nyimbo zilivyosonga niliona anainamia spika, anainama zaidi, kama mtu anayesubiri kusikia jina lake likiitwa kwenye foleni. Nikajua anasubiri nini. Nilitamani spika ipasuke. Nilitamani mvua, na hapa kwetu hilo ni kutamani sana. Wimbo wa mwisho ukakata. Akangoja. Akaniangalia.

"Imeisha?"

Nikamwambia imeisha.

"Ejok, vyema," akasema. Akachukua kigoda chake, akauliza lori la mchanga linarudi saa ngapi.

Hapa kuna machozi, nilisema nitakuambia.

Albamu imerekodiwa Turkana, imeimbwa na Mturkana, na ndani yake hamna neno moja la Kiturkana. Hakuwahi kunisema kwa jambo hilo. Watu wakimsifu kwa binti mwimbaji, alikuwa akisema ndiyo, anaimba vizuri, anaimba mambo ya watu wote. Mambo ya watu wote! Kila mara nikisikia hivyo nilikuwa naapa kwamba albamu ijayo, albamu ijayo. Ukazaliwa wewe, gitaa la Papa Dodo likaibiwa, mara hiki mara kile, na babu yako akafa msimu ule wa ukame uliopita, kama unavyojua, na albamu ijayo bado haijaja.

Na hapa ndipo penye swali lako la jikoni, lile nililolicheka. Nilikuimbia nini ukiwa mtoto? Unalijua jibu, ndiyo maana uliuliza. Nilikuimbia wimbo wa Lomeri, ng'ombe wa babu yako. Sikujua kingine cha kubembelezea. Kila mwanamume wa rika lake alikuwa na dume lake moja la kuimbia, akaitwa na wenzake kwa jina la dume hilo, na wa kwake alikuwa yule wa madoadoa mwenye pembe zilizokunjwa zikakaribia kukutana. Unakumbuka ubeti wa kuvuka Turkwel maji yakiwa mengi, Lomeri anaingia wa kwanza na ng'ombe wa watu wengine wanamfuata? Hapo ndipo ulipokuwa unalala, kila siku, kabla hawajafika ng'ambo. Nilikuwa naumaliza peke yangu.

Lomeri alikufa kabla sijaolewa. Babu yako aliendelea kumwimba. Akiwa na kipande cha shamba cha kumwagilia na mbuzi wachache tu, bado akiinuka penye ngoma alikunja mikono juu ya kichwa mfano wa zile pembe, na shingo ikawa ya ng'ombe, na watu wakanyamaza. Mimi nimesimama majukwaa mengi. Nimepigiwa makofi na maafisa na wageni wa ndege. Hakuna siku niliyowanyamazisha watu namna ile. Nami niliambiwa nitaje muziki ninaoupenda kuliko wote duniani, nikataja watu ambao sijui hata majina yao.

Kwa nini? Nimezunguka chumba hiki nikijiuliza. Naogopa jibu ni dogo tu. Niliona aibu. Niliona mtangazaji atasema "oh, utamaduni," kwa ile sauti ya upole wanayotumia watu wakizungumza na wazee viziwi, na nitaacha kuwa mwanamke wa rock niwe mwanamke wa shanga. Labda nawe ndivyo ulivyoona kwenye simu. Ukisema Lodwar, yule msichana atasema "woi, huko kuna njaa?" na kabla hujaingia chumbani utakuwa umeshakuwa mtu wa kuhurumiwa. Kitale haiulizwi maswali. Naelewa, mwanangu. Siku ya kwanza ni ngumu na kila mtu anataka kuingia kwa mlango mwepesi. Sitakuambia mwacha mila ni mtumwa, maneno hayo yamechorwa kwenye ukuta wa shule yako na nafikiri mliyaegemea tu. Isitoshe nyani haoni kundule, na nyani mkubwa hapa ni mimi.

Nakuambia tu kilichonipata mimi. Lile "kwetu hakuna" lilikuwa neno jepesi, halikuchukua pumzi hata nusu. Nikadhani limepita. Kumbe kila nilipoulizwa tena ilibidi nilirudie, maana nilishalisema, na nikilibadilisha nitaonekana mwongo. Nikalirudia mpaka likawa kweli kwenye albamu.

Na ile albamu ya vijana wa Kalobeyei, kule jirani na Kakuma, uliyoniwekea kwenye memori kadi? Unadhani sikusikiliza. Nilisikiliza yote, nikiosha vyombo. Yule kaka yake Nyandeng anaporusha mistari yake, Sheng, Kiarabu, Sheng, halafu ghafla anatia Kiturkana, na anakitia sawasawa, na matusi yake ni yale ya kweli ya watoto wa kisimani. Mtoto wa Kisudani! Nilishika sufuria nikacheka, kisha nikaona wivu. Hiyo nayo iko kwenye orodha yangu, karibu na juu. Mwambie dada yake.

Sasa nikuambie nilichofanya saa saba, usikasirike. Nilimpigia yule kijana wa redio. Nikamwambia nilidanganya kwenye kipindi chake, nataka nirudi nitaje zile nyingine. Alifurahi kupita kiasi. "Madam, kuja kesho saa moja asubuhi, mgeni wetu amekataa kukuja." Saa moja ndiyo basi lako linang'oa. Kwa muda mrefu niliona hilo ni jambo zuri ajabu. Redio yetu inashika mpaka Lokichar, dereva huifungulia sauti, na wewe uko dirishani, na mama yako anatokea hewani anataja kila kitu, jogoo, ngamia, Lomeri, wote wakisikia. Nilikuwa tayari naona uso wako. Nilishaanza kuchagua maneno, nikapasha koo.

Nikamweleza baba yako. Akasema, "Na nani ataenda steji?"

Nilikasirika tena, kwa sababu nilikuwa na jibu na jibu lilikuwa baya. Kwamba hata siku mtoto wangu anaondoka, naona ni afadhali nimuage kwa maikrofoni. Nimeandika ukurasa huu wote nikibadilisha mawazo, redio, steji, redio. Nimempigia kijana mara ya pili. Nimemwambia siji.

Kwa hiyo kesho nitakuwepo. Nitabeba lile sanduku upande mmoja na baba yako upande wa pili, na tutagombana njiani juu ya nani anavuta. Ukishakaa, nitasimama chini ya dirisha lako nimwimbe Lomeri. Bila spika, bila bendi, kwa Kiturkana, mikono juu kama pembe, mbele ya makanga na wauza maji na shangazi zako wote. Nitaanza mwanzo nitavuka ule mto mpaka ng'ambo, hata kama dereva atapiga honi. Najua utaona haya. Nitaona haya mimi kwanza, maana sijawahi kuuimba nje ya chumba cha kulala.

Unaweza kufunga dirisha, sitakulaumu. Unaweza kutazama simu yako. Lakini njiani huko mtu wa kiti cha pili akikugeukia akuulize yule mama alikuwa anaimba nini, wewe unajua, Akiru. Mwambie.

Mama yako